Shangazi wa Mijusi na Barua Niliyochelewa Kuifuta

Baada ya kulitumikia shirika letu la utangazaji kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja, fundi sauti wa studio namba mbili, ambaye sote tunamwita Shangazi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa tisa alasiri. Hesabu hiyo ni ya ofisa utumishi. Mimi, mwandishi wa mchezo wa redio ambao Shangazi ameutumikia miaka yote hiyo, nilipoachiwa kuhesabu peke yangu nilipata miaka arobaini na tatu, ikaonekana mama wa watu aliajiriwa akiwa bado anavaa sare ya shule.

Wasifu huu, ninaouandika katika jarida letu la wafanyakazi, una kazi mbili. Ya kwanza ni kumuaga. Ya pili ni kuondoa neno moja lililomo kwenye faili lake, neno ambalo mimi ndiye niliyelitia. Kanuni zetu zinasema kwamba mtu ambaye faili lake lina onyo la maandishi lisilofutwa hapewi cheti cha utumishi mwema, wala hafanyiwi sherehe. Faili la Shangazi lina onyo moja, lenye umri wa miaka ishirini na sita. Lisipofutwa kabla ya Ijumaa, atatoka getini kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Nitalifikia jambo hilo. Naomba tu mnivumilie, maana mtu anayekwenda kuungama hakosi kuzungukazunguka kwanza.

Shangazi hakuja hapa kutengeneza sauti. Alikuja kama mpiga chapa wa muda, kwa mkataba wa miezi mitatu, na meza yake iliwekwa kwenye korido inayopakana na studio, chini ya dirisha lisilofunga vizuri. Wiki hiyo ndiyo tuliyokuwa tukirekodi sehemu ya kwanza ya "Saa Iliyorudi Nyuma". Kwa ninyi mliojiunga nasi juzi, huo ni mchezo ambamo mwalimu mstaafu wa sayansi na mpwa wake wanagundua kwamba saa yao mbovu ya ukutani, ukiizungusha mishale kinyume, inawapeleka zamani. Katika nusu ya kwanza huwatembelea watu waliochimbua mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, wakawasikiliza wakibishana. Katika nusu ya pili hurudi nyuma zaidi, mamilioni ya miaka, kuwaona mijusi wenyewe na kujua ni nani aliyepatia. Wazo lilikuwa langu. Sayansi ilikuwa ya vitabu vya kuazima, kwa sababu shuleni somo hilo nililipata kwa alama ambazo mama yangu aliwaficha majirani.

Basi nilihitaji mngurumo wa dinosaria, na maktaba ya kanda ikatupatia simba. Tukamtia mwangwi simba wa watu, tukajipongeza, na kipindi kilikuwa kimebakiza saa mbili kwenda hewani ndipo mpiga chapa akachungulia mlangoni akauliza, kwa adabu zote, yule mwanamume anayesema "fungeni vioo, fungeni vioo" nyuma ya dinosaria ni nani. Tukasikiliza tena. Kweli, alikuwa dereva wa watalii, mamilioni ya miaka kabla ya gari la kwanza. Watu watano wenye vyeti vya utangazaji hatukuwa tumemsikia. Shangazi akapiga simu nyumbani, na baada ya muda mume wake, ambaye ni fundi bomba, akafika na bomba la plastiki la urefu wa mkono. Shangazi akatia mdomo upande mmoja, upande wa pili akauelekeza kwenye ndoo ya bati, akanguruma. Mtangazaji wa zamu, aliyekuwa chumba cha pili akinywa chai, aliimwaga yote mapajani. Mkataba wa kupiga chapa ukaishia hapo, ukaanza huu unaokwisha Ijumaa.

Tangu siku hiyo kabati la studio namba mbili halijafungika. Lina mabomba kumi na tisa ya urefu tofauti, aproni ya ngozi ambayo ikilowa na kukokotwa sakafuni inakuwa mkia wa tani nane, mfuko wa mpira wa maji ya moto ambao ni tumbo la karibu kila mnyama mliyewahi kumsikia akishiba, na magunia mawili ya mchanga. Tikitimaji likivunjwa kwa goti ni mbavu. Mabawa ya mjusi arukaye ni mwavuli unaofunguliwa na kufungwa haraka haraka. Mwanzoni tulitumia mwavuli wa mkurugenzi wa wakati ule, bila yeye kujua, hadi siku ya mvua alipoufungua mbele ya wageni ukabaki na vijiti vitatu. Uchunguzi ulifanyika. Mimi nilisema sijui lolote kuhusu miavuli. Shangazi alikwenda mwenyewe ofisini kwake, akakiri, akamnunulia mwingine. Mngezingatia tofauti hiyo kati yetu mapema, msingekuwa mnanisoma mimi leo.

Kazi yake haikuwa milio tu. Yeye ndiye sikio lililosimama kati ya makosa yangu na wananchi. Kuna mtaalamu mashuhuri wa karne ya kumi na tisa aliyeunganisha mifupa ya mjusi wa baharini mwenye shingo ndefu, na kwa haraka zake akakipachika kichwa kwenye ncha ya mkia. Ni kisa cha kweli. Niliandika sehemu nzima ya kumcheka, mwalimu akimuuliza mpwa wake kwa kejeli mnyama huyo alikuwa akila kwa upande gani. Shangazi akasoma muswada, akanionyesha kwamba nimepanga ukurasa wa kumi kabla ya wa tisa, hivi kwamba mnyama wangu anakufa, anazikwa na matope, halafu anakwenda kuwinda. Hakucheka. Alisema tu, "Hata wewe kichwa umekiweka mkiani," akarudi kulowesha aproni yake.

Mara nyingine msikilizaji mmoja, mhadhiri wa chuo kikuu, alituandikia barua ya upole kutueleza kwamba mifupa haisemi sauti. Hakuna ajuaye kama dinosaria waliwahi kunguruma. Huenda baadhi yao walivuma kwa chini, mdomo ukiwa umefungwa, kama wafanyavyo baadhi ya ndege na jamaa za mamba leo. Mimi nilinuna siku tatu. Shangazi alifurahi kana kwamba kaletewa zawadi. Kwa wiki mbili alisikiliza mbuni na mamba kwenye vipokea sauti vya masikioni, kisha akaunganisha mabomba manne akatoa mvumo wa chini ambao huusikii, unauhisi kifuani. Ulipokwenda hewani, mafundi walitumwa kwenye mnara wa kurushia matangazo wakidhani mtambo umeharibika, na bibi mmoja akapiga simu kulalamika kwamba vikombe vyake vinatembea rafuni. Mhadhiri alituandikia tena, barua ya neno moja: "Naam."

Sasa nafika kwenye mayai.

Miaka ya ishirini ya karne iliyopita, wachimbaji walikuta jangwani mifupa ya dinosaria mdogo mwenye mdomo kama wa ndege, amelala juu ya kiota cha mayai. Mayai yale yalidhaniwa kuwa ya mnyama mwingine. Kwa hiyo, ingawa waliomchunguza walikiri kwamba huenda wanamwonea, akapewa jina la kisayansi linalomaanisha mwizi wa mayai. Mimi sikuwa na mashaka yoyote. Katika mwaka wa saba wa mchezo nilimfanya kuwa adui mkuu. Nilimpa kicheko, nikampa hila, nikampa hata binamu aliyemsaidia kubeba. Siku ya mazoezi Shangazi alisimamisha kazi, akasogea kwenye kioo akaniuliza, "Mbona kakaa juu yake? Mwizi gani anakaa? Mwizi anakimbia." Nilimjibu kwamba sayansi imeshakata shauri na sisi kazi yetu ni kuitangaza. Haikuwa kweli hata kidogo. Wakati huohuo wataalamu walikuwa wameshaanza kubadili mawazo yao, ila habari zilikuwa kwenye majarida, na mimi nilikuwa nasoma vitabu vya kuazima.

Mwaka uliofuata nilikwenda likizo kwa dada yangu, nikala, nikalala, nikanenepa. Huku nyuma ukatoka waraka. Zama zile kanda zilikuwa adimu, na ofisi ya mitambo ilikuwa na desturi kwamba kanda ikimaliza muda wake rafuni, inafutwa na kurekodiwa kitu kingine. Orodha ya kufutwa ilibandikwa mlangoni, na fundi wa studio alitakiwa kuzifuta mwenyewe na kutia sahihi. Zamu hiyo orodha ilikuwa na sehemu arobaini na moja za "Saa Iliyorudi Nyuma". Mngurumo wa ndoo ya bati, mvumo uliotembeza vikombe, mjusi wa kichwa mkiani, vyote. Vilitakiwa kupisha mechi za mpira.

Niliporudi nikakuta rafu nyeupe. Waraka sikuusoma, sikuwa na mazoea ya kusoma kitu ambacho sikukiandika mimi. Mlinzi wa getini akaniambia kwamba Shangazi amekuwa akitoka kila jioni na begi la vifaa la mume wake, limemlemea, na akiulizwa husema ni mabomba. Nikajumlisha mwenyewe. Meza yake ilikuwa hatua nane kutoka kwangu. Kuuliza si ujinga, waliosema walisema, lakini mimi nilikuwa tayari nimeshika kalamu, na kalamu ikiwa mkononi mwangu huwa siulizi mtu.

Niliandika barua ya kurasa mbili kwa uongozi. Haikunitosha. Nikaandika na tangazo katika jarida hilihili, ukurasa wa tatu, lenye kichwa cha habari "Mwizi wa Mayai Yuko Kati Yetu". Jina sikulitaja, nilijiona muungwana. Nilisema tu kwamba ni mtu wa studio namba mbili, anayejua sana mabomba. Katika studio namba mbili kulikuwa na watu watatu, na wawili hatukuwahi kushika bomba.

Kamati ya watu watatu ikaketi. Shangazi hakukana. Alisema kanda ziko nyumbani kwake, chini ya kitanda, kavu, kila moja kwenye mfuko wake wa nailoni, na akiahidiwa kwamba hazitafutwa atazirudisha kesho yake asubuhi. Hakuna aliyeweza kumwahidi, kwa sababu mwenye mamlaka ya kuahidi alikuwa mhandisi mkuu, na mhandisi mkuu alikuwa safarini. Mimi nilikuwepo kama shahidi. Utetezi huo niliusikia kwa masikio yangu, nikauona ujanja, nikasema mbele ya watu kwamba lisemwalo lipo. Wala hakuna aliyekuwa amelisema zaidi yangu mimi.

Kamati ikampa njia mbili: azirudishe zifutwe, mambo yaishe hapo, au azishikilie na apewe onyo la maandishi kwa wizi wa mali ya shirika. Akachagua onyo. Alitia sahihi, akarudi studio, na jioni ile tulirekodi sehemu mpya. Nakumbuka aliniuliza kama mjusi wa ukurasa wa sita ana miguu miwili au minne.

Onyo lile halikuwa karatasi ya kupambia faili. Nafasi ya mkuu wa studio ilitangazwa mara mbili katika miaka iliyofuata. Mara mbili Shangazi aliomba, mara mbili faili likafunguliwa, mara mbili likafungwa. Wote wawili waliopata nafasi hiyo yeye ndiye aliyewafundisha kushika kipaza sauti. Anastaafu akiwa fundi daraja la pili, daraja alilokuwa nalo siku nilipotoka likizo. Na korido, kama mnavyozijua korido zetu, zikampa jina. "Mwizi wa Mayai kaja?" "Mwulize Mwizi wa Mayai." Utani tu, bila ubaya, na Shangazi aliitika na kucheka nasi. Kicheko chake kilinisaidia sana kulala.

Miaka kumi na miwili baadaye shirika likatimiza miaka hamsini. Uongozi mpya ukataka vipindi vya zamani, na ikagundulika kwamba havipo. Kila kitu kilikuwa kimepisha mpira. Ndipo Shangazi akapanda ngazi hadi ofisi ya mkurugenzi, akaomba ahadi ileile aliyonyimwa, akapewa kwa maandishi. Kesho yake gari la fundi bomba likaegeshwa mlangoni na kanda arobaini na moja zikashushwa. Nilizipokea mimi. Kila moja ilikuwa na karatasi: tarehe, waigizaji, mabomba yaliyotumika, na mahali pa mwandishi ameandika jina langu, kwa mwandiko wake mzuri wa mpiga chapa wa zamani. Alikuwa ameziandika karatasi zile nyumbani kwake, baada ya barua yangu.

Mtadhani hapo ndipo nilipopiga magoti. Hapo ndipo nilipopewa tuzo. Ya "uhifadhi wa urithi wa redio", kama mtunzi wa mchezo pekee uliosalia. Wahenga waliposema kilemba cha ukoka walikuwa wamenipima kichwa. Nilihutubia dakika kumi na moja. Nilimshukuru mkurugenzi, waigizaji, wasikilizaji, nikalishukuru hata shirika la umeme, ambalo siku hiyo lilikuwa limetukatia. Shangazi alikuwa safu ya tatu akipiga makofi. Nilijiambia Jumatatu nitaandika barua ya kuifuta ile ya kwanza. Jumatatu kulikuwa na kikao.

Na bado sijamaliza kujianika. Kama miaka mitatu baada ya tuzo, nikiwa nasubiri kung'olewa jino, nilichukua jarida la zamani mezani kwa daktari nikasoma habari iliyonitoa jasho. Ndani ya yai la aina ileile, miaka ya tisini, wataalamu walikuwa wamekuta kitoto ambacho hakijaanguliwa, na kitoto hicho kilikuwa cha jamaa ya yule aliyeitwa mwizi. Wengine walikutwa wamekufa wakiwa wameketi juu ya viota, mikono wameitandaza juu ya mayai. Hakuwa akiiba. Alikuwa akiyaatamia mayai ya kwao. Alisingiziwa kwa miaka sabini, na kwa kanuni za wanasayansi jina la kwanza ndilo jina, kwa hiyo hata leo anaitwa mwizi.

Nikaandika sehemu maalumu ya kumwomba radhi. Dakika ishirini na tano, na muziki wa huzuni. Mwalimu na mpwa wake wanarudi hadi kwenye kiota, wanamkuta mnyama dhoruba ya mchanga ikija, hataki kuondoka. Niliwahutubia waigizaji kabla ya kurekodi. Niliwaambia ni aibu kubwa kumbandika kiumbe jina la wizi bila hata kumuuliza. Shangazi alikuwa upande wa pili wa kioo na bomba fupi kuliko yote, akitoa pumzi za mnyama anayeatamia, viganja vyake vikipita taratibu juu ya gunia la mchanga. Nililia. Waigizaji walilia. Tulipomaliza Shangazi alivua vipokea sauti vyake, akanitazama kidogo, akanyoosha kidole gumba kuonyesha sauti iko sawa. Nikaenda nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda haki. Nyani haoni kundule, na mimi la kwangu lilikuwa na jukwaa, taa na kipaza sauti.

Wiki tatu zilizopita ofisa utumishi, binti aliyeajiriwa mwaka jana tu, alikuja mezani kwangu na faili. Akaniuliza, "Samahani mzee, huyu mlalamikaji ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akanieleza kanuni taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa namna ya kumeza dawa. Onyo lililotokana na malalamiko ya mfanyakazi mwenzake hufutwa mlalamikaji akiyaondoa mwenyewe kwa maandishi. Na kama malalamiko yalichapishwa, kuondolewa kwake kuchapishwe palepale. Nikamuuliza kama kanuni hiyo ni mpya. Akasema ina umri mkubwa kuliko wangu kazini. Siku yoyote katika miaka ishirini na sita ningeweza kulimaliza jambo hili kwa nusu ukurasa.

Nilimkuta Shangazi studio akiyafuta mabomba vumbi na kuyafunga kwa kamba. Nilianza na habari za mvua. Akanikatiza, "Mdogo wangu, sema shida yako." Nikasema. Nilitegemea atapuuza, aseme yamepita, anipige begani nirudi kwenye chai yangu. Hakupuuza. Aliweka bomba chini.

"Cheti sina shida nacho," akasema. "Ukuta wangu wenyewe umejaa rafu za mabomba za baba watoto, hakuna pa kukitundika. Lakini hilo neno litoke."

Akanieleza kitu ambacho sikuwa nakijua. Mwaka ule wa barua, siku ya familia za wafanyakazi, alikuja na binti yake wa miaka tisa. Mtu mmoja, kwa utani, akamwita mama yake jina lile la korido, na watu wakaangua kicheko. Njiani kurudi nyumbani mtoto akamuuliza, "Mama, uliiba nini?" Akamjibu kwamba ni jina la mchezo. "Sasa ana watoto wake wawili," Shangazi akaniambia, "na mimi bado sijamweleza. Maana ningeanzaje? Karatasi inasema mwizi. Ningemwambia karatasi inaongopa, kila mwizi si ndivyo asemavyo?" Binti huyo anakuja Ijumaa. Ameomba ruhusa kazini kwake ili akae mstari wa mbele.

Nilisema nimekosa. Akanipa mwisho mmoja wa kamba nishike, tukamalizia kufunga mabomba.

Studio namba mbili ina desturi moja aliyoianzisha yeye baada ya yule dereva wa watalii: hakuna kitu kinachokwenda hewani kabla fundi sauti hajakisikiliza na kutia sahihi. Kwa hiyo na wasifu huu nilimpelekea. Aliusoma miwani ikiwa ncha ya pua, akatia kalamu mahali patatu. Alisahihisha urefu wa bomba la kwanza. Akafuta aya nzima niliyoeleza jinsi ambavyo miaka hii imekuwa migumu kwangu, na pembeni akaandika, "Hii ni ya kwako, weka kwenye wasifu wako." Na mwisho, mahali ambapo nilitakiwa kuliondoa lile neno, nilikuwa nimeweka vichekesho vinne. Amevikata vyote. Ameandika, "Hapa usichekeshe."

Basi sichekeshi.

Miaka ishirini na sita iliyopita niliuandikia uongozi barua, na nikachapisha tangazo katika ukurasa wa tatu wa jarida hili, nikimtuhumu fundi sauti wa studio namba mbili kwamba ameiba kanda za shirika. Hakuiba. Alizichukua ili zisifutwe. Alisema hivyo mara tu kamati ilipomuuliza, na sikumwamini. Nilipojua ukweli nilinyamaza miaka kumi na minne mingine. Naiondoa barua ile na tangazo lile, lote, pamoja na jina lililotokana nalo. Naomba radhi kwake, kwa mume wake na kwa watoto wake. Ofisa utumishi ameniambia kwamba jarida hili likishatoka mtamboni, onyo litakuwa limefutwa.

Shangazi, tunakushukuru kwa masikio yako, kwa mapafu yako, na kwa kila kitu ambacho kingali kinasikika kwa sababu wewe ulikibeba. Ukapumzike. Afya iwe nawe, nyumba iwe na furaha, wajukuu wakunyime usingizi kwa raha tu, na fundi bomba arudishiwe vifaa vyake.

Na wewe binti yake, utakayekuwa mstari wa mbele Ijumaa, uliuliza swali ukiwa na miaka tisa, na aliyepaswa kukujibu ni mimi. Mama yako hakuiba kitu.

Mwandishi wa mchezo, aliyekuwa mlalamikaji.